Fuata mtu, usifuate jina: mwongozo kamili wa kujua jina la ukoo wenu lilitoka wapi na lilipita wapi

Mtu akitaka kujua jina la ukoo wao limetoka wapi kitu cha kwanza anachofanya ni kuliandika kwenye simu na kuamini jibu la kwanza linalotokea, eti jina hili ni la nchi fulani, maana yake jasiri au chifu, na pembeni kuna ngao ya ukoo inauzwa imechorwa kwenye kikombe. Naomba usianzie hapo. Hiyo ngao kwa mfano, Uingereza ngao hupewa mtu mmoja na wazao wake, haijawahi kuwa ya kila mwenye jina lile. Na ile "maana" hata ikiwa sahihi inakwambia neno lilizaliwaje basi, haikwambii nani kwenu aliyeanza kuitwa hivyo wala alipitia njia gani. Jina linaweza kusafiri bila damu na damu ikasafiri bila jina. Kwa hiyo kanuni ya kazi yote hii ni moja tu, fuata mtu mmoja mmoja kurudi nyuma, jina litakuja lenyewe, na pale litakapokatika utaliona limekatika wapi na kwa nini.

Hatua ya 1: Anza na walio hai, na uanze leo

Karatasi iliyokaa kwenye makavazi miaka mia itakusubiri, mzee wa miaka 85 hatakusubiri. Mpigie au mfuate, mwombe ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, na usimuulize "jina letu lina maana gani" maana swali hilo linamfanya mtu atafute jibu zuri badala ya kukumbuka. Muulize vitu alivyoviona kwa macho yake. Babu yako ulikuwa unamwitaje? Na majirani, walimwita hivyohivyo au walikuwa na jina lao? Alizikwa wapi? Alipokasirika alitukana kwa lugha gani, alipohesabu hela alihesabu kwa lugha gani? (Hili la kuhesabu ulizia kweli, mtu aliyehama anaweza kubadili lugha yake yote lakini kuhesabu na kusali mara nyingi vinabaki kwenye lugha ya mwanzo.) Nani alimlea? Kuna watu walikuwa wanakuja msibani ambao hamkuwahi kuelewa undugu unatokea wapi?

Andika kila kitu alivyokisema hata kama wawili wanapingana. Usichague mshindi mapema. Alafu piga picha kila karatasi ya nyumbani, vyeti, pasi za kusafiria za zamani, barua, migongo ya picha, kurasa za mwanzo za Biblia au Qurani ambako wazee walikuwa wanaandika tarehe za kuzaliwa watoto, na mawe ya makaburi.

Na usiwaache wanawake nje. Jina likishuka kwa baba watu hufuata wanaume tu alafu wanakwama, kumbe cheti cha shangazi au barua ya bibi ndo ina kile kijiji mnachokitafuta.

Hatua ya 2: Jua jina la aina yenu lilianza kuandikwa lini

Hatua hii wengi wanairuka na ndo inayookoa muda kuliko zote. Majina ya ukoo hayakuanza pamoja duniani, na ukitafuta jina kwenye karne ambayo halikuwepo utatafuta mpaka uzeeke. Uturuki ilipitisha sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934, kabla ya hapo mtu alijulikana kwa jina lake, la baba, au lakabu, na hata Mustafa Kemal jina la Atatürk alipewa kutokana na sheria hiyo. Japani watu wa kawaida waliruhusiwa kuwa na jina la ukoo mwaka 1870 na ikawa lazima 1875. Thailand ni 1913, na huko sheria ilitaka kila familia iwe na jina lake peke yake, ndo maana majina yao ni marefu na ukikuta wawili wenye jina moja kuna uwezekano mkubwa ni ndugu. Uholanzi walilazimishwa mwaka 1811 wakiwa chini ya Napoleon. Wayahudi wa dola ya Austria waliamriwa kuchukua majina ya kudumu mwaka 1787, wa Prussia 1812. England yalianza kuganda taratibu baada ya Wanormani kuivamia mwaka 1066, ikachukua kama karne tatu hivi.

Ufilipino ndo mfano ninaoupenda kumwonyesha mtu anayebisha. Mwaka 1849, Hispania ikiwa inaitawala, gavana Clavería alitoa amri, kikatengenezwa kitabu cha orodha ya majina kikagawiwa mikoani, familia zikapewa majina kutoka kwenye zile kurasa, mpaka kuna miji ambayo majina karibu yote yalianza na herufi moja. Sasa mtu wa huko mwenye jina la Kihispania akisema babu yetu alitoka Hispania kwa sababu ya jina tu, ushahidi hana, inawezekana ana ukurasa wa kitabu.

Na kuna sehemu jina la ukoo halipo kabisa kwa maana hii. Aisilandi mtoto anabeba jina la baba au mama kwa kuongeza -son au -dóttir, linabadilika kila kizazi. Sehemu nyingi za Afrika na za Waarabu mtu ni fulani bin fulani bin fulani, na kile kinachoandikwa leo kwenye kitambulisho kama jina la ukoo ni jina la babu tu ambalo ofisi fulani siku moja ililigandisha. Kama kwenu ni hivyo swali lako linabadilika, usiulize jina hili limetoka wapi, uliza huyu babu ambaye jina lake liliganda alikuwa nani, kwa nini yeye na sio baba yake, na ni karatasi gani iliyoligandisha. Mara nyingi utakuta ni kujiandikisha shule, ubatizo, kazi, au jeshi.

Hatua ya 3: Sasa lisome jina lenyewe, lakini kwa tahadhari

Majina mengi yanaangukia makundi manne: la baba, la mahali, la kazi, na la sifa au utani. La baba linajulikana kwa viambishi. Kihispania -ez (Fernández, wa Fernando), Kireno -es, Kidenmaki -sen, Kiarmenia -yan, Ireland Ó ni mjukuu na Mac ni mwana. Wales lile "ap" yaani mwana wa liliyeyuka likajibandika kwenye jina, ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, kwa hiyo mtu anaona jina la Kiingereza kumbe ni la Kiwelshi.

Viambishi vingine vinakuonyesha mpaka mkoa. Wagiriki wenye -akis mara nyingi asili ni Krete, -poulos ni Peloponnese, -idis inavuta upande wa Bahari Nyeusi. Wageorgia -dze ni magharibi, -shvili ni mashariki.

Majina ya kazi ndo yanayodanganya kuliko yote. Mhunzi alikuwepo kila kijiji, kwa hiyo Smith, Schmidt, Lefebvre, Ferrari, Herrera, Kovács, Kowalski na Haddad yote yanazunguka chuma na uhunzi na hakuna undugu wowote kati yao, na hata Smith na Smith walioishi kilomita ishirini kati yao wanaweza wasiwe na babu mmoja. Ukikuta jina la kazi usitegemee jina lenyewe likupe mahali, tegemea karatasi.

La mahali nalo lina siri yake ambayo nikiieleza watu wanaona kama nimewafumbua macho. Jina la mahali halipewi mtu anayeishi pale. Mji mzima wa Bukhara wote ni wa Bukhara, hakuna atakayeitwa Al-Bukhari kama kitambulisho, anaitwa hivyo akishaondoka, na wanaompa ni watu wa kule alikofikia. Kwa hiyo jina la mahali kwanza ni jina la kuhama, linakwambia jirani walidhani ametokea wapi. Nimesema walidhani makusudi, maana mtu akitoka kijiji kidogo anatajwa kwa mji mkubwa wa karibu au kwa bandari aliyopandia chombo, na wakati mwingine jina linachukuliwa kwa heshima tu. Tafuta kwanza alikofikia, ndo utajua jina lilipewa na nani.

Alafu kuna majina yanayofanana herufi na hayana uhusiano wowote. Lee linaweza kuwa la Kiingereza la mtu aliyeishi karibu na uwazi msituni, linaweza kuwa la Kichina, linaweza kuwa la Kikorea. Na kinyume chake, jina moja la Kichina likaonekana kama manne: Chen kwa Kimandarini, Chan kwa Kikantoni, Tan kwa Kihokkien, Trần Vietnam, herufi yake ya Kichina ni ileile moja. Hapo tahajia ni dhahabu, kwa sababu Tan aliyeko Singapore tahajia yake inakwambia wazee wake walizungumza lugha ya pwani ya Fujian na kandokando yake, kwa hiyo nusu ya safari umeshaijua kabla hujafungua faili. Wakorea nao jina la Kim peke yake halikufikishi popote maana karibu mmoja kati ya watano anaitwa hivyo, unatakiwa uulize bon-gwan, yaani kile kituo cha asili cha ukoo, Kim wa Gimhae sio Kim wa Gyeongju.

Hatua ya 4: Andika tahajia zote zinazowezekana kabla ya kutafuta

Kwa karne nyingi aliyeandika jina sio mwenye jina, ni karani, padri au nahodha, na aliandika kwa sikio lake. Chukua karatasi, tamka jina la kwenu kwa sauti kama mtu asiyejua lugha yenu, andika kila namna. Badilisha l na r, b na p na v, ondoa h, ongeza irabu mwishoni, tenganisha na unganisha viambishi. Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia baada ya Edict ya Nantes, ile amri iliyowapa uhuru wa dini, kufutwa mwaka 1685, baadhi yao walifika Cape huko Afrika Kusini kuanzia 1688, na huko Villion aliishia kuwa Viljoen ndani ya masikio ya Waholanzi. Ukitafuta Viljoen Ufaransa hutapata mtu.

Kuna pia kutafsiriwa, Schwarz akawa Black, Zimmermann akawa Carpenter, na hata familia ya kifalme, Battenberg walijigeuza Mountbatten mwaka 1917 wakati wa vita na Wajerumani. Kwenye kutafuta kwa kompyuta angalia kama kuna kitufe cha majina yanayofanana sauti, mitandao mingi inatumia Soundex au mfumo uliotokana nao, ambao unabakiza herufi ya kwanza, unatupa irabu, na kugeuza konsonanti zinazokaribiana kuwa namba, ndo maana Smith na Schmidt wote wanatoka S530. Ni msaada mkubwa ila herufi ya kwanza ikiwa tofauti haukupi kitu, Kovács ulioandikwa kwa G utakupita.

Na tafadhali ile hadithi kwamba jina letu lilibadilishwa na afisa wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, iweke pembeni. Kituo kile kilifanya kazi kuanzia 1892 mpaka 1954, watu kama milioni 12 walipita, na maafisa walikuwa wanalinganisha watu na orodha iliyoandikwa tayari na kampuni ya meli kule walikotoka. Majina yalibadilika baadaye, kazini, shuleni, kwenye uraia, mara nyingi na wenyewe. Hii ni muhimu kwa vitendo kwa sababu maana yake kwenye orodha ya meli tafuta tahajia ya ZAMANI, sio ya sasa.

Hatua ya 5: Rudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Hapa usiwe na haraka. Mimi nilishawahi kukaa miezi karibu kumi na babu wa watu wengine, jina sawa, mwaka sawa, mkoa sawa, nikajenga mti mzima juu yake, na iliniuma kweli kuufuta. Tangu hapo sikubali mtu aingie kwenye mti kwa jina na mwaka tu, nataka vitu vitatu vinavyofungana, kwa mfano jina la mke, jina la baba, na kazi au kijiji. Na kila ukimpata mtoto aliyebatizwa angalia pia kama hakuzikwa utotoni, maana familia nyingi zilimpa mdogo jina la marehemu.

Utaratibu ni huu, cheti cha kifo kwanza, kinakupeleka kwenye ndoa, ndoa inakupa wazazi, wazazi wanakupeleka kwenye kuzaliwa. Usajili wa serikali Ufaransa ulianza 1792, England na Wales 1837, Scotland 1855, Ireland wote 1864. Nyuma ya hapo ni daftari za dini, England parokia ziliamriwa kuandika kuanzia 1538 na Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ukaagiza Wakatoliki wawe na daftari za ndoa. Sensa nazo, Uingereza ya 1841 ndo ya kwanza inayotumika kwa majina na zinafunguliwa baada ya miaka 100, Marekani ya 1850 ndo ya kwanza kutaja kila mtu huru kwa jina na zinafunguliwa baada ya miaka 72. Mtandao wa FamilySearch ni bure na ina picha nyingi sana za daftari hizi, anzia huko kabla hujalipa popote. Siku zote fungua picha ya ukurasa wenyewe, usiishie kwenye maandishi yaliyonakiliwa, maana aliyenakili naye alikisia.

Angalia tarehe za England kabla ya 1752, mwaka mpya wao ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1720 ya kwenye daftari ni Februari 1721 yetu. Watu wanamkuta mtoto amezaliwa kabla ya harusi kumbe ni kalenda.

Na kuna vilivyoungua. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921, makavazi ya Dublin yaliteketea Juni 1922. Ukifika hapo usisimame, tafuta karatasi iliyoandikwa kwa sababu nyingine, kodi, ardhi, mirathi, kesi. Kwa Ireland ni Griffith's Valuation ya 1847 mpaka 1864, inaonyesha nani alikuwa ameshika kipande gani cha ardhi.

Hatua ya 6: Vuka maji

Kosa ni kuruka moja kwa moja kwenye nchi ya asili ukiwa na jina tu. Kabla hujavuka hakikisha unajua jina la kijiji au wilaya kutoka kwenye karatasi za huku alikofikia: jiwe la kaburi, maombi ya uraia, tangazo la kifo, daftari la ndoa. Usipolipata kwake mtafute kwa kaka yake, kwa wasimamizi wa ndoa, kwa majirani wa kulia na kushoto kwenye sensa. Watu hawakuhama kama mchanga uliomwagwa, mmoja alitangulia akaita shemeji, shemeji akaita jirani, kwa hiyo kijiji cha jirani yake kinaweza kuwa kijiji chake.

Alafu orodha za abiria. Za Hamburg kuanzia 1850 mpaka 1934 zinataja mahali mtu alipokuwa anaishi kabla ya kupanda meli. Na kama wazee wenu walikuwa Wahindi wa mkataba wa kazi, waliopelekwa Mauritius kuanzia 1834, Trinidad 1845, Natal 1860, Suriname 1873, Fiji 1879, mna bahati ambayo wengi hawana, ile pasi ya kusafiri iliandika jina, jina la baba, umri, tabaka, kijiji, wilaya, na hata urefu na alama za mwili. Ila jina lilikuwa moja tu, na watoto wao walilichukua jina hilo la baba au babu likawa la ukoo, kwa hiyo kulitafuta India kama jina la ukoo ni bure, huko beba jina la kijiji na la baba.

Hatua ya 7: Pale ambapo jina sio la damu

Hapa nenda polepole na kwa heshima. Waliotekwa utumwani Marekani majina yao karibu hayaandikwi kwenye sensa mpaka 1870, kabla ya hapo orodha ya 1850 na 1860 inataja umri na jinsia chini ya jina la mmiliki. Usidhani kwamba jina la familia lazima ni la mmiliki wa mwisho, wengi walibeba la mmiliki wa zamani zaidi kwa sababu hilo ndo liliunganisha ndugu waliouzwa mbalimbali, na wengine walichagua la kwao wenyewe. Tafuta kwenye karatasi za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowasaidia walioachiwa huru (1865 mpaka 1872), na za benki yao ya Freedman's, ambako mteja aliulizwa wazazi, ndugu, na alikozaliwa. Visiwa vya Karibi vya Uingereza angalia rejista za watumwa, Trinidad ilianza 1813.

Majina ya Kireno vilevile. De Souza unamkuta Ureno, Brazil, Goa na Benin. Goa waliobatizwa walipewa jina la padri au msimamizi, Benin yapo ya uzao wa wafanyabiashara kutoka Brazil na ya waliorudi kutoka utumwani huko. Jina moja, njia nne.

Hatua ya 8: Ramani, kisha DNA kama bado una swali

Chukua sensa au orodha ya zamani kabisa unayoipata yenye nchi nzima, hesabu jina lako liko mara ngapi kila wilaya, piga doti kwenye ramani. Jina adimu litakusanyika sehemu moja au mbili, na hapo ndo pa kuchimba. Jina kama Nguyễn, ambalo zaidi ya robo ya Wavietnamu wanalo, ramani haitakusaidia.

DNA nayo usiinunue bila swali. Kwa jina linaloshuka kwa baba kipimo kinachohusika ni cha kromosomu Y, kinatoka baba kwenda mwana karibu bila kubadilika, kwa hiyo wanaume wawili wenye jina moja wanaweza kujua kama wana babu mmoja wa kiumeni au la. Kile cha kawaida cha asilimia za nchi hakijui jina lako, na baada ya vizazi vitano sita kinafifia. Kabla ya kupima kaeni kama familia mkubaliane, kwa sababu kinaweza kuonyesha kwamba kizazi fulani baba hakuwa yule anayetajwa, na hilo likishajulikana halirudi nyuma.

Hatua ya 9: Andika

Kila sentensi ya historia yenu iandikie pembeni imetoka wapi, ukurasa gani, nani alisema, siku gani. Tumia alama tatu, nimeona karatasi, nimeambiwa, nakisia. Walio hai usiweke tarehe zao za kuzaliwa hadharani. Na pale palipo wazi paache wazi, ila andika umeshatafuta kwenye daftari gani, miaka gani na kwa tahajia zipi ukakosa, ili mpwa wako akiichukua kazi hii miaka ishirini ijayo aanzie pale ulipoishia.